Meno ya Kisu cha Mjomba Mfaume

Kijana wa duka alinitolea kisu kile bila mimi kumwomba. Nilikuwa nimeingia kutafuta mpini wa jembe, hapa Lindi mjini, mchana wa jua kali, na yeye, kama walivyo wauzaji wa siku hizi, hakutaka nitoke na kitu kimoja. "Mama, cheki na hiki," akasema. "Huku kisu, huku msumeno. Unakata mti, unakata mfupa, hakikusumbui." Akakilaza juu ya meza ya kioo, makali upande wangu, meno upande wake. Mpini wa jembe ukaniponyoka mkononi. Kijana akadhani nimeugua, akanisogezea kiti cha plastiki na kuniuliza kama nina presha. Sikuwa na presha. Nilikuwa na miaka minane, nimechuchumaa uani kwetu Rutamba na sinia mapajani, nasikia mlio ambao tangu siku ile sijausikia tena, wala sitaki kuusikia.

Kisu cha Mjomba Mfaume kilikuwa hivyo hivyo. Mjomba alikuwa mdogo wake mama, kijana mrefu mwenye kicheko cha karibu, aliyekuwa akifanya kazi na wawindaji wa kizungu huko maporini, mbele ya Njinjo. Aliwabebea mizigo na kuchuna wanyama waliowapiga. Alikuja kwetu aliposikia dada yake amejifungua mtoto wa kiume. Alikuja na sukari, doti ya kanga ya mama, na kisu kiunoni, ndani ya ala ngumu nyeusi iliyomgonga pajani kila alipopiga hatua. Kwetu sisi Wamwera mjomba ana sauti yake kwenye nyumba ya dada. Hata baba, ambaye hakuwa mtu wa kumpisha mtu, alimpisha kwenye mkeka.

Mimi nilikipenda kisu kile kupita kiasi, na nisingeweza kuwaeleza kwa nini. Labda ni yale meno. Nilikuwa nimezoea visu vya nyumbani vilivyolika kwa kunolewa, vyenye mipini ya kufungwa mpira wa baiskeli, na sasa hapa kuna kisu chenye meno mgongoni, yamepangana, yanang'aa, makubwa kuliko yangu. Nilimuuliza mjomba kama yaliota yenyewe. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaniambia kwamba Mzungu aliyekuwa na kisu kile kabla yake alikikatia mfupa wa nyati, tena mfupa wa paja, wakiwa porini bila shoka wala panga. Alisema aliona kwa macho yake. Mimi nilimwamini, na kila aliyepita uani nilimsimulia habari ya nyati.

Wakubwa hawakuwa wepesi hivyo. Baba alikiomba amenye muwa, na alipotaka kuweka kidole gumba mgongoni ili akandamize, akakiangalia, akageuza, akaangalia tena. "Sasa kidole nikiweke wapi?" akauliza. Bibi, mama yake mama, alikichukua jikoni kuvunjia nazi. Nyinyi wa rika langu mnajua jinsi bibi zetu walivyovunja nazi: unaishika kiganjani, unaigonga kwa mgongo wa kisu kizito huku unaizungusha, inapasuka mara moja. Safari hii meno yaling'ang'ania zile nyuzi za kifuu, nazi ikazunguka, maji yakamwagika kwenye kanga. Bibi akakirudisha kwa mwenyewe. "Mgongo wa kisu una kazi yake, Mfaume," akamwambia. "Huyu aliyeuchonga meno alikuwa na njaa ya nini?" Kazi pekee ambayo meno yale yaliiweza ilikuwa kupara samaki. Perege wa ziwani waliparuliwa magamba vizuri ajabu, na jirani yetu Mzee Nassoro, mtu wa mizaha asiyechoka, alipokuwa akipita asubuhi alikuwa akimwita mjomba Bwana Perege.

Mjomba alicheka naye. Lakini niliona kwamba kila siku kicheko kilipungua kidogo.

Hapa lazima niwaeleze hali ya mama, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nyumba nzima iliganda kwa ajili ya mguu wa mbuzi. Kabla ya mtoto huyu mama alikuwa amezika watoto wawili wa kiume, mmoja baada ya mwingine, na wote hawakufika arobaini. Huyu wa tatu alizaliwa mdogo, halii kwa nguvu, ana miguu myembamba yenye ngozi iliyolegea. Mama hakumweka chini. Alilala ameketi, mgongo ukutani, mtoto kifuani. Watu walipoingia kumpa mkono wa uzazi aliwaitikia vizuri, lakini macho yake hayakutoka kwa mtoto. Nilimwogopa mama siku hizo. Nilikuwa nikiingia chumbani kwa ncha za vidole, nikitoka nakimbia.

Siku ya saba ikawa akika. Mtoto alinyolewa, akapewa jina la Issa, na baba akamtoa mbuzi dume aliyekuwa amemtenga tangu mimba. Bibi ndiye aliyenifundisha habari za mbuzi wa akika, tukiwa tunachambua mchele. Mbuzi huyu hakatwi mfupa, alisema. Hapigwi shoka, hapigwi panga. Anatenganishwa kwenye viungo, taratibu, kwa ncha ya kisu, mfupa unatoka mzima kama ulivyoumbwa. Nyama ikishaliwa, mifupa inakusanywa yote na kuzikwa. "Mifupa ya mbuzi huyu ni mifupa ya mdogo wako," Bibi akaniambia. "Ikitoka mizima, naye atakuwa mzima." Mwalimu Bakari, aliyetusomesha Kurani sisi watoto wa mtaa ule, alikuwa ameketi kibarazani akasikia. Akasema kwamba hilo si faradhi, ni kutia fali njema tu. Bibi akamjibu "Ndiyo, Mwalimu," kwa adabu, kisha akanigeukia akakunja uso, kuonyesha kwamba nishike alichosema yeye.

Nilikishika. Nilikishika kupita alivyokusudia. Mimi sikujua fali ni nini. Nilichoelewa ni kwamba mle ndani ya mbuzi mlikuwa na mifupa ya Issa, imewekwa humo kwa muda, na wanaume walikuwa wanakwenda kuitoa.

Mwalimu Bakari alichinja mwenyewe, kwa kisu chake chembamba kisicho na mbwembwe, akataja jina la Mungu na jina la mtoto. Mbuzi akaning'inizwa kwenye boriti ya banda la jiko, akachunwa. Kumtenganisha ilikuwa heshima ya mjomba, na hapakuwa na wa kumpinga, maana kazi ya kuchuna ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Niliwekwa karibu na sinia la kupokelea nyama. Bibi alitoka jikoni akafuta mikono. "Viungo tu, Mfaume," akasema. "Najua, mama," mjomba akajibu bila kugeuka. Na kweli alianza vizuri sana. Miguu ya mbele ilitoka kama inavua nguo. Mguu wa nyuma wa kwanza ukatoka mzima, akaniwekea kwenye sinia, akanikonyeza.

Ndipo Mzee Nassoro, aliyekuwa ameketi na wanaume wengine juu ya gogo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani: "Bwana Perege, hayo meno ya nyuma mbona yamelala? Au leo hakuna magamba?"

Wanaume wakacheka. Baba naye akacheka. Nilimwona mjomba shingo ikimkakamaa. Mguu wa pili ulikuwa tayari uko chini, juu ya majani ya mgomba, bado umeshikana na nyonga. Akakigeuza kisu. Aliweka goti juu ya mguu, akaweka meno juu ya mfupa wa paja, akaanza kuvuta na kusukuma.

Mpaka leo sijui kwa nini hatukupiga kelele. Nadhani kila mmoja alifikiri macho yake yanamdanganya. Mkono wa mjomba ulikuwa umezoea pori, huko ambako mfupa ni mfupa tu, na kwa muda mfupi ule alikuwa amesahau yuko uani kwa nani na mbuzi yule ni wa nini. Meno yaliingia kidogo. Halafu yakajaa mafuta na uzi wa nyama, yakakwama. Akavuta, hayakutoka. Akasukuma, hayakwenda. Kisu kizito, kipana, kimejibana ndani ya ufa wake chenyewe. Akakishika kwa mikono miwili, akakipinda ili akinasue.

Mfupa ukalia.

Sauti ndogo tu, kavu. Mwalimu Bakari akasema "Inna lillahi" chini ya pumzi. Mjomba aliinua uso, na sura yake ilikuwa imekauka damu yote, midomo myeupe, akimtazama Bibi kama mtoto aliyevunja chungu. Mimi nilichokifikiria kilikuwa kimoja tu: sauti ile haikutoka kwa mbuzi. Imetoka chumbani.

Nikaliacha sinia nikakimbia. Nilimkuta mama ameketi palepale, Issa amefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nilifungua kitambaa nikamshika mtoto miguu, kulia na kushoto, nikaibinya kuanzia magotini kwenda juu kutafuta palipovunjika. Issa akapiga ukelele. Ulikuwa ukelele wake wa kwanza wa nguvu tangu azaliwe, na mimi nikaamini nimeshika penyewe.

"Unafanya nini wewe?" Mama alinikamata mkono.

"Mjomba amevunja mfupa," nikasema.

Mama yuko ndani ya arobaini, hatoki. Hilo nalo nyumba nzima ilikuwa inalijua. Lakini alisimama, mtoto begani, kanga imemlegea, nywele wazi, miguu mitupu, akatoka mpaka uani mbele za wanaume. Wale waliokuwa juu ya gogo waliinuka wote, wakatazama chini. Nilimfuata nyuma nikimshika upindo wa kanga.

"Nani kavunja mfupa?" akauliza. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Niliwatazama. Mguu ule haukuwepo tena juu ya majani. Bibi alikuwa amesimama pembeni, kanga yake ya juu imekunjwa kwapani, uso wake mkavu kabisa. Mjomba alikuwa bado amepiga magoti na kisu mkononi.

"Hakuna mfupa uliovunjwa, dada," akasema.

"Mtoto kaniambia."

"Mtoto kaogopa tu. Nilikuwa nataka kuwaringia hawa, nikaweka meno, hayakukata. Hiki kisu hakikati, dada."

"Wiki nzima unatuambia kimekata mfupa wa nyati."

"Nilikuwa najisifu. Sijakiona kikikata kitu chochote."

Nilisema, "Mjomba, umevunja, nimesikia," na baba, baba yangu aliyekuwa akinisikiliza hata nikisimulia ndoto, akanigeukia akasema, "Zuhura, nyamaza. Kasimame kule." Nikaenda nikasimama kule. Sijawahi kusimama mahali pabaya kama pale. Nilimtazama Mwalimu Bakari, maana yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mwongo ulimi wake utaungua, nikasubiri aseme. Alikohoa. "Kisu hicho hakikati mfupa, binti yangu," akamwambia mama. "Hilo nimeliona kwa macho yangu." Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba hakusema uongo. Meno yale hayakukata. Kilichovunja mfupa ni ile kazi ya kuyanasua.

Mama akakiangalia kisu, akakiangalia kirefu. Kisha akanyoosha mkono akaonyesha ukuni uliokuwa kando ya mafiga, tawi la mkorosho la unene wa mkono wa mtu mzima. "Kata huo nione," akasema.

Na mjomba akaukata. Au tuseme alijaribu. Aliuweka ukuni juu ya gogo, akaukanyaga, akavuta na kusukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na mimi nilikuwa naangalia mikono yake, sikuona udanganyifu hata chembe: mishipa ilimtoka, jasho lilimdondoka puani. Meno yalitafuna ganda la ukuni, yakatoa unga kidogo, yakafika mahali yakakwama. Akapigana nacho mieleka. Mzee Nassoro akaanza kucheka. Kicheko chake kilikuwa cha juu, kibaya, wala machoni hakikuwemo, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, mpaka uwanja mzima ukawa unamcheka Mfaume, na Mfaume akajitupa chini akawaachia wamcheke, kifudifudi, mabega yakimtikisika. Watu walisema anacheka naye.

Nimeishi na watu wengi tangu hapo, nimeona mengi ya kushtusha. Lakini bado sijaona jambo lililonitisha kama kundi lile la watu wazima, watu niliowaamkia shikamoo kila asubuhi, wakikubaliana kitu bila kusemezana neno, halafu mimi peke yangu ndiye niliyebaki nje. Nilianza kuyatilia shaka masikio yangu. Nikajiuliza labda sikusikia.

"Nionyeshe mguu," mama akasema.

Bibi akaenda kwenye sinia, akachukua mguu wa nyuma, akamletea. Mguu ule ulikuwa mzima. Mama aliushika kwa mkono mmoja, mtoto kwenye mwingine, akapitisha kidole gumba juu ya mfupa kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama nilivyofanya mimi kwa Issa. Akasema "Alhamdulillahi," mabega yakashuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu ajifungue niliyoona mabega yake yakishuka. Akarudi ndani. Muda si mrefu tulipochungulia tulimkuta amelala ubavu, usingizi wa kukoroma, na Issa amemweka kando yake juu ya mkeka.

Pilau ikapikwa, watu wakala, dua ikasomwa. Mimi sikuweza kula. Mjomba naye hakula, ila hilo nililiona peke yangu. Kesho yake hakuwa na kisu kiunoni, na hakuna aliyemuuliza kimekwenda wapi. Hata Mzee Nassoro hakumwita tena Bwana Perege. Kuhusu Issa, mtu yeyote anayetaka kujua amtazame leo msimu wa korosho anavyotupa magunia juu ya lori, na mdomo wake mrefu wa kuwasimanga vibarua. Alipita arobaini, akapita surua, akatembea mapema kuliko mimi. Mama alifariki mwaka juzi akiwa na Issa kitandani kwake, amemshika mkono, na hakuna aliyewahi kumwambia neno juu ya mfupa ule.

Lakini siku ile ile ya akika, baada ya swala ya alasiri, watu wakiwa wametawanyika na wengine wamelala barazani kwa shibe, Bibi aliniita. Nilikwenda nimevimba uso kwa kulia. Alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba, ameshachimba shimo, na ungo wa mifupa uko kando yake. Akaniambia nichuchumae. Kisha akafungua kanga yake ya juu, ile iliyokuwa imekunjwa kwapani, akatoa mfupa wa paja. Alikuwa ameutoa nyama yote kwa mkono wake, na mfupa wenyewe haukupita kwenye sufuria. Ulikuwa vipande viwili.

Nilitazama pale palipovunjika, penye michirizi ya meno upande mmoja na upande mwingine pamechanika vibaya.

"Bibi," nikasema, "kumbe nilisikia kweli."

"Ulisikia kweli," Bibi akasema.

Hakuniambia ninyamaze, wala hakuniomba nisiseme. Alichukua vijiti viwili vya mwanzi alivyokuwa amevikwangua vikawa laini, akachana ukingo wa kanga yake ukawa utepe mrefu, akaviunganisha vile vipande viwili vya mfupa, mwanzi huku na huku, mpaka ule ufa ukafumba. Mganga wa viungo hufanya vivyo hivyo kwa mtu aliyeanguka mkoroshoni. Akanielekeza pa kushika. "Shika hapo," akasema. "Kaza. Asitikisike."

Nikashika kwa vidole vyote. Akaanza kufunga, mzunguko juu ya mzunguko, akinong'ona maneno kwa Kimwera ambayo sikuyashika yote. Ndani ya nyumba Issa akaanza kulia. Nikataka kuinuka nikamwone.

"Shika," Bibi akasema, na hapo ndipo nilipoona kwamba mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu.